Akaunti ya Marehemu Papa Mwansa

Neno la siri la kliniki yetu lilikuwa "kliniki". Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee. Halikuwa na namba wala herufi kubwa, na liliandikwa kwenye karatasi iliyolazwa chini ya kioo cha meza ya mapokezi, ili hata wagonjwa waweze kulisoma wakisubiri zamu yao. Aliyelichagua ni mimi. Aliyeliandika kwa kalamu nyekundu ili wenye macho mabovu wasipate shida ni mimi pia.

Naitwa Odette, nimestaafu, na sina haraka tena. Pale Shituru, mtaa wa mji wa Likasi kule Kongo, nilifanya kazi kwenye kliniki ya wafanyakazi na familia zao. Nilianza kama dactylo, yaani mpiga taipu wa barua za wakubwa. Mashine za taipu zilipotupwa stoo, walinipa kompyuta kwa sababu moja tu: mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na vidole visivyoogopa vitufe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkuu wa hifadhidata. Msinitafutie diploma. Nilisoma kitabu kimoja kisicho na jalada, kisha nikakosea karibu kila kitu ambacho mtu anaweza kukosea. Ninyi mnaoingia sasa kwenye ofisi za Likasi nawaandikia makosa hayo, kwa kuwa yenu mtayafanya tu, ila angalau yawe mapya.

Hifadhidata ya pamoja, ambayo sisi tuliiita "base" basi, ni daftari moja linaloandikwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye mashine yake. Mapokezi waliandika jina la mgonjwa, maabara waliandika matokeo ya damu, daktari alisoma, famasi ilitoa dawa. Tulikuwa na mashine sita, waya wa bluu uliopita juu ya dari, na faili moja kwenye folda ambayo kila mtu aliweza kuifungua, kuihamisha na kuifuta. Hilo la kuhamisha na kufuta sikulifikiria. Niliamini kwamba watu wazima wenye koti jeupe hawahamishi vitu visivyo vyao.

Mtu wa famasi aliihamisha. Base ilikuwa inamchelewesha, akasikia mahali kwamba kitu kilicho karibu hufunguka upesi, akaiburuta faili nzima mpaka kwenye mashine yake. Asubuhi yote kliniki haikuwa na mgonjwa hata mmoja, na yeye peke yake alikuwa nao wote. Nilipomkuta alikuwa na furaha sana, akanihakikishia kwamba sasa inakimbia kweli. Tangu siku hiyo niligawa kitu kile mara mbili. Data zenyewe zilikaa kwenye seva ndani ya chumba changu, kwenye folda isiyofunguliwa na mkono wa mtu, na kila mashine ikapewa sura tu: fomu za kuandikia na za kusomea. Mtu akiharibu sura yake unampa nyingine na chai inaendelea.

Hata hivyo hiyo ilikuwa hatua, maana kabla ya base tulikuwa na jedwali la kawaida, mistari na safu. Siku moja dada wa mapokezi alitaka majina yafuate alfabeti. Akachagua safu ya majina peke yake, akabonyeza. Majina yakajipanga vizuri, magonjwa yakabaki pale pale. Mzee mmoja mstaafu wa reli akaitwa kuja kupimwa mimba ya miezi saba. Alikuja, akakaa benchi moja na akina mama, akangoja zamu yake kimya, kwa kuwa kwa maisha yake yote alikuwa ameshazoea kwamba hospitali ni mahali pa kutii. Ni mkunga aliyemrudisha nyumbani.

Sasa niwaambie habari za Papa Ilunga, kwa sababu nilimdharau na sikupaswa. Alikuwa mtunza fiche zetu, yaani kadi za wagonjwa za karatasi, mtu aliyesoma shule za misheni Mulungwishi, mwenye mwandiko ulionyooka na hasira fupi. Kwake ilikuwepo sheria moja. Ukichukua fiche ya mgonjwa kwenye kabati, unaacha mahali pake kipande cha kadibodi chenye jina lako na tarehe. Wao wenye kazi ya karatasi wanakiita fantôme, yaani mzimu. Daktari aliandika, mfagiaji aliyetumwa na daktari aliandika. Siku moja mkurugenzi alichukua fiche bila kuandika, na Papa Ilunga akaenda kusimama mlangoni pake na kadibodi tupu mkononi, hagongi, hasemi, mpaka mkurugenzi akatoa kalamu.

Kompyuta zilipofika nilimwambia mbele ya watu kwamba karatasi zimekufa. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma kitabu kimoja. Papa Ilunga hakukasirika, aliniuliza tu: "Mama Odette, ku ile mashine yako, muntu akikamata kintu, jina yake inabakia wapi?" Nikamjibu kwamba mashine inajua. Mashine haikujua chochote. Wote tuliingia kwa neno lile lile la chini ya kioo, kwa hiyo kwa mashine sisi sote tulikuwa mtu mmoja anayeandika sana. Yeye alistaafu mwaka ule ule, na mimi nikaenda mbali zaidi: nikawashawishi maabara waache hata daftari lao la karatasi la vipimo vya damu. Shikeni hapo kwenye daftari, tutakuja kulilia.

Baada ya kisa cha famasi niliona aibu, nikampa kila mtu akaunti yake na neno lake la siri. Mapokezi waweze kuandika majina lakini wasiguse damu, maabara waandike damu wasiguse majina, famasi wasome tu. Na nikaongeza daftari la mabadiliko, linaloandika lenyewe jina la aliyebadilisha kitu, siku na saa. Nilijiona nimemaliza kazi. Nilichosahau ni kwamba nilikuwa nafanya kazi na watu, tena watu wa kwetu.

Kwetu ukienda kunywa chai na kuacha kioo cha mashine yako kimefungwa, jirani yako anajiuliza amekukosea nini. Nilimwambia mama wa mapokezi afunge mashine kila anaponyanyuka. Akaniangalia kwa huzuni. "Minye nifungie benzangu mashine? Banaiba nini?" Siku mbili hakunisalimu vizuri. Kisha kuna lile la mdogo na mkubwa. Mkubwa akikuomba neno lako la siri, utamwambia nini? Kwamba humwamini? Ni kama kumnyima maji. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na akaunti yake, na kila mtu alikuwa na za wengine pia. Dawa yake niliipata baadaye: niliiamuru mashine ijifunge yenyewe baada ya dakika tano. Lawama zikaiendea mashine, na watu wakaendelea kupendana.

Bingwa wa ukarimu huo alikuwa Papa Mwansa, mkuu wa maabara. Mtu mwema, mnene, mcheshi, asiyeweza kula karanga bila kugawa. Alipopata akaunti alinijia akaniuliza inawezekanaje chef, yaani bosi, awe na milango iliyofungwa kwenye nyumba yake mwenyewe. Nilimpa haki zote: kuandika, kubadilisha, kufuta, kila kitu, kama zangu. Yeye akachagua neno la siri, jina la mjukuu wake wa kwanza, mtoto ambaye kliniki nzima tulihudhuria ubatizo wake. Kisha akawaambia watu wake walitumie wakikwama. Kila aliyekwama alilitumia. Na kwa kuwa lilifungua kila kitu, watu wakaanza kukwama mara nyingi.

Halafu Papa Mwansa akafa, ghafla, moyo. Tulilia sana, na nilie tena hapa kidogo, alikuwa rafiki yangu. Baada ya mazishi nikamwambia mkurugenzi kwamba nafunga akaunti yake. Akashtuka. Kilio hakijamalizika, akasema, familia haijafanya sherehe yake, na wewe unataka kufuta jina la mtu? Wenzangu nao waliona ni ukatili. Kiti chake hakikukaliwa na mtu, kikombe chake kilibaki dirishani, na akaunti yake ikabaki wazi kwa heshima. Nami nikakubali, sikutaka kuonekana mtu asiye na moyo. Kwa wiki tatu marehemu alifanya kazi kuliko alivyofanya akiwa hai. Alisajili wagonjwa, alitoa matokeo, alirekebisha tarehe za famasi. Hakuna aliyeona ajabu.

Hapo ndipo inaingia habari ya Bea. Bea alikuwa msichana wa maabara, mtoto wa mtaa wa Kikula, mwenye umri wa binti yangu wa mwisho. Alikuwa journalière, mtu wa kulipwa kwa siku, bila mkataba, anayeweza kuambiwa usirudi kesho na asirudi. Kimya, makini, mwenye mazoea ya kusoma jina kwenye chupa ya damu mara mbili kwa sauti ndogo. Alikuwa akisubiri kuandikwa kazi ya kudumu, na Papa Mwansa alikuwa amemwahidi kumsemea. Hilo nalo lilizikwa pamoja naye.

Jumatatu moja asubuhi aliletwa mama wa kujifungua, Marie Kyungu, mtoto ametoka salama lakini damu haisimami. Daktari akafungua base, akaona kundi lake ni A, akaagiza damu ya A. Mwuguzi wa zamu, mama mmoja mkaidi Mungu amweke, alifanya kile kinachofanywa kila mara kabla ya kumtundikia mtu damu: tone la mgonjwa na tone la mfuko kwenye kadi, pale pale kitandani. Hazikupatana. Akapima tena. Marie alikuwa O. Mtu wa O ukimpa damu ya A unaweza kumuua ukiwa umemshika mkono. Walihangaika kutafuta mfuko mwingine, muda ukaenda, lakini Marie akapona, na mtoto yupo.

Mkurugenzi alifungua base mwenyewe. Kipimo: Bea. Kundi: A. Fiche imebadilishwa mara ya mwisho na: Papa Mwansa, Jumanne iliyopita, saa nne na dakika arobaini. Papa Mwansa siku hiyo alikuwa kaburini wiki ya tatu. Maabara walitaka ifanyike sala haraka, mmoja akakataa kabisa kugusa mashine yake. Mkurugenzi hakuwa mtu wa mizimu. Alifikiri hivi: Bea alikosea kupima, akajaribu kurekebisha akazidi kukosea, akiwa ameingia kwa akaunti ya marehemu kujificha. Alimwita akamuuliza kama amewahi kuitumia akaunti hiyo. Bea angeweza kusema hapana. Alisema ndiyo, kama wote. Basi akapewa barua ya kuomba maelezo, ile demande d'explication ambayo kila aliyewahi kuajiriwa Likasi anaijua inavyokausha mate: ujibu kwa maandishi kabla ya Jumamosi, na huku usikanyage kazini. Daftari la karatasi ambalo lingeonyesha alichopima kweli, mnakumbuka nani alilizika.

Alhamisi mkurugenzi aliniagiza nichimbe ushahidi. Niliingia kwenye daftari la mabadiliko. Nilikuwa nimelitengeneza liandike jina na saa, lakini si mashine iliyotumika, wala kilichokuwepo kabla ya kubadilishwa. Ni kama mlinzi anayekuambia kuna mtu amepita, basi. Nikabaki na saa tu. Jumanne, saa nne na dakika arobaini. Nikajiuliza tulikuwa wapi saa hiyo.

Tulikuwa uani. Yaani wenzangu walikuwa uani. Jumanne ile familia ya Papa Mwansa ilikuja kuwashukuru wafanyakazi kwa kilio, kama desturi, na kliniki nzima ilitoka kuwasikiliza, Bea akiwa mbele kwa sababu ndiye aliyewabebea viti. Mimi nilisalimia, kisha nikarudi ndani kimyakimya. Nilitaka kutumia utulivu ule kusafisha base: kulikuwa na wagonjwa walioandikwa mara mbili, na nilikuwa nawaunganisha mmoja mmoja. Umeme ulikuwa umekatika upande wa chumba changu, seva peke yake ikiendeshwa na betri, maabara ulikuwepo. Nikakaa kwenye kiti cha marehemu, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Mashine ilikuwa tayari imefunguliwa kwa jina lake, maana wenzake waliitumia wakiwa wamesimama. Sikuona haja ya kutoka na kuingia upya kwa jina langu, ni kazi ya sekunde ishirini, nani ana sekunde ishirini. Nikakuta Marie Kyungu wawili, mwaka mmoja wa kuzaliwa. Nikasema huyu ni mmoja. Nikabakiza fiche ya juu, nikafuta ya chini.

Walikuwa wawili. Mmoja wa Kikula, yule wa Jumatatu, mwenye O niliyoifuta; mmoja wa hapa hapa Shituru, mwenye A niliyoibakiza. Na nje dirishani mjane alikuwa akitushukuru kwa jinsi tulivyomheshimu mumewe.

Nilikaa mbele ya mstari ule muda mrefu. Nataka mjue nilichofanya baadaye, kwa sababu ndicho kinachonichoma. Niliuchagua ule mstari. Nilikuwa na haki zote, hata za kufuta kwenye daftari la mabadiliko, mimi ndiye niliyejipa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sikubonyeza, lakini msinisifu, sikubonyeza kwa sababu niligundua hakuna haja. Mstari ulisema Papa Mwansa. Niliyekuwa mlinzi wa kila kitu sikuwepo popote. Nilichohitaji ni kunyamaza tu. Nikafunga mashine, nikaenda nyumbani, nikapika. Nilijiambia Bea ni kijana, kazi atapata, mimi nimebakiza miaka michache. Nilikula vizuri, na hilo nalo nalionea aibu.

Ijumaa Bea akaja. Hakuruhusiwa kuingia kazini, akapitia uani akasimama kwenye mlango wa ofisi yangu na ile barua kwenye bahasha. Alikuja kuniomba nimsaidie kuandika jibu, kwa kuwa kila mtu alijua hakuna anayeandika barua ya mkubwa vizuri kama Mama Odette. Nikavuta kiti na karatasi. Nikaandika anwani, tarehe, kichwa cha barua kwa Kifaransa cha kupiga magoti, vidole vinajua njia. Kisha nikamwambia aseme anachotaka kusema.

Akasema anaomba msamaha kwa kosa alilofanya kwenye kipimo cha Marie Kyungu. Nikauliza kama anakumbuka kukosea. Hapana, akasema, hakumbuki. Alifikiri siku zote nne, hakumbuki. Lakini mashine imeandika A, na mashine haiwezi kusema uongo, basi lazima ni yeye. Tena mjomba wake amemwambia ukikubali kosa wanakuonea huruma, ukikataa wanakufukuza. Akaniomba niandike vizuri, kwa maneno ya unyenyekevu.

Niliandika "je reconnais", yaani nakiri. Vidole vikasimama.

"Bea," nikamwambia, "njo minye." Yaani ni mimi.

Hakuelewa. Nikamweleza yote, kiti, dirisha, Marie wawili. Alinisikiliza huku anaangalia karatasi, si mimi. Nilipomaliza nilingoja alie au anitukane, nilikuwa tayari kwa vyote viwili.

"Munajua tangu wakati gani, Mama?"

"Tangu jana saa nne."

Akakunja bahasha yake. "Jana nilikuwa ku kanisa," akasema. "Niliomba Mungu anisamehe ile damu."

Akatoka. Sijawahi kusikia kitu kilichoniumiza kama hicho, na nimezika wazazi wote wawili.

Nilichana karatasi, nikaanza nyingine, kwa jina langu. Ilikuwa barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Mkurugenzi aliisoma Jumamosi asubuhi akiwa amesimama, kisha akafunga mlango. Alikuwa mtu wa hesabu za haraka. Mutoto ule ni journalière, akaniambia, tutamrudisha polepole mwezi ujao, watu watasahau. "Lakini Mama, tukikuondoa weye, nani atakamata base?"

"Bea," nikasema.

Alicheka, akafikiri natania. Nikamwambia kwamba katika kliniki nzima ni mtu mmoja tu aliyeulizwa swali gumu akajibu ukweli, na si mimi. Kisha nikatoka nikaenda kuyasema yote kwenye mkutano wa asubuhi, mbele ya wote, ili isiwe siri ya kufungiwa mlango. Mama wa mapokezi alishika mdomo. Mtu wa famasi, yule mhamishaji, alinitazama kwa upole mkubwa, kama mtu aliyepata mwenzake.

Niliadhibiwa: wiki mbili nje ya kazi, onyo la maandishi, na ukuu wa base kuondolewa. Onyo lenyewe mkurugenzi alilisema kwa mdomo, katibu mpya hakujua kulipanga, wakanitumia mtu nyumbani nije nilipige taipu. Nilikuja. Nilisahihisha hata tahajia ya jina langu.

Bea alirudi, kwa mkataba safari hii. Mwezi mzima hakuniita Mama, alisema "vous" tu, ile "ninyi" ya Kifaransa ya watu wasiojuana, kavu. Alikuja na daftari la shule, akaniambia nimfundishe kila nilichojua na kila nilichokosea, akaandika vyote bila kutofautisha. Kisha akaanza kubomoa. Hakuna anayefuta fiche, hata mkuu wa base: kitu kibaya kinapigwa mstari kama kwenye karatasi, na cha zamani kinabaki chini kinasomeka. Daftari la mabadiliko liandike mtu, saa, mashine, kilichokuwepo na kilichowekwa, na asiwepo mtu hapa ndani anayeweza kuligusa. Nakala yake ipelekwe kila wiki kwenye jengo lingine. Kuunganisha wagonjwa wawili kunahitaji watu wawili, mmoja anayeomba na mmoja anayekubali, na anayekubali lazima anyanyuke akaangalie. Daftari la karatasi la damu likarudi maabara. Na akaunti ya mtu aondokaye, kwa safari, kwa kustaafu au kwa jeneza, inafungwa siku hiyo hiyo. Jina lake linabaki kwenye kila alichoandika. Mlango ndio unaofungwa.

Kwa akaunti ya Papa Mwansa, mkurugenzi alisita tena. Bea hakubishana naye, alikwenda kumuuliza mjane. Yule mama hakuamini anachosikia. "Bwana yangu anaisha kupumzika," akasema, "na ninyi munamutumisha kazi tena?" Alicheka mpaka machozi, kisha machozi yakawa machozi kweli. Ikafungwa mchana ule.

Mimi nilienda Kikula kumtafuta Marie Kyungu. Nilimweleza niliyofanya, nikamwomba radhi. Alinisikiliza akinyonyesha, kisha akauliza kama mtoto wameandika jina lake vizuri. Nikamwambia nitaangalia. Siku hizo nilikuwa na haki ya kusoma tu, na nilisoma. Walikuwa wamekosea herufi moja. Ikabidi nimwombe Bea, naye akanyanyuka, akaenda kuangalia cheti cha kuzaliwa kwanza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka mwisho wa kazi yangu. Mimi niliyeitengeneza base ile niliomba ruhusa ya kurekebisha herufi, na kila mara Bea alinyanyuka kwenda kuangalia. Hakuwahi kunikatalia bila kuangalia, na hakuwahi kunikubalia bila kuangalia. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya kumi nililala usingizi mzuri.

Siku yangu ya mwisho waliandaa keki na Fanta kwenye chumba cha mikutano, hotuba saa nane. Saa saba nikakumbuka orodha moja niliyomwahidi mwuguzi, nikarudi kwenye mashine yangu, nikaandika jina na neno la siri. Ikanikataa. Nikaandika tena polepole. Ikanikataa. Nikaenda kumtafuta Bea, nikamkuta anakata keki.

"Bea, mashine inanikatala."

"Ndiyo, Mama. Minaisha kufunga akaunti yenu." Ameshaifunga.

Nilimwambia hotuba haijasomwa, mimi bado mfanyakazi mpaka saa kumi, orodha ni ya dakika mbili, na isitoshe kwa heshima ya miaka yote ile angeweza kungoja hata nimalize Fanta. Watu walikuwa wanatuangalia. Bea aliweka kisu chini, akafuta mikono, akaniambia niseme orodha hiyo ni ya nini, ataitoa yeye kwa jina lake. Nikaitaja. Akaenda akaitoa, akanirudishia mkononi, kisha akanikatia kipande kikubwa kuliko cha mkurugenzi.